Mkalimani wa Athanas

Mimi najua Kihispania. Niliacha shule darasa la saba, lakini kuanzia Voi mpaka Taveta hutapata bibi mwingine wa umri wangu anayekijua kama mimi. Haya, maneno manne. Moja ni salamu, moja ni maji, moja ni asante, na la nne nilikatazwa kulisema mbele ya watoto, kwa hiyo ndilo ninalolikumbuka vizuri.

Aliyenifundisha ni Gakii, binti wa Athanas. Tulikuwa tunaishi vila moja kule Umm Salal, nje kidogo ya Doha, zile ambazo mwenye nyumba huzikatakata kwa mbao za jipsamu, familia moja ikatoka, familia kibao zikaingia. Upande mmoja wa ukuta nilikuwa mimi, nimeletwa na mwanangu Wesley nimlelee watoto wake. Upande wa pili walikuwa Athanas na mkewe Loice. Ukuta ulikuwa mwembamba hivi kwamba Athanas akipiga chafya, mimi nilikuwa nikimwambia "Afya!" naye akijibu "Asante, Mama Wesley." Kwa hiyo msiniulize haya nimeyajuaje. Yale ambayo ukuta haukuniambia niliambiwa na Onyango, na mengine niliambiwa na Gakii mwenyewe, baadaye, alipokuwa hana tena cha kuficha.

Athanas alikuwa Mmeru wa Nkubu, msimamizi wa madereva katika kampuni ya mabasi iliyobeba wafanyakazi kwenda Dukhan na kurudi. Loice alikuwa msaidizi katika nasari moja kule The Pearl, akifuta makamasi ya watoto ambao baba zao wana boti. Huko ndiko Kihispania kilikoanzia. Gakii akiwa mdogo alikuwa akitoka shule anaenda kumsubiri mama yake nasari, anacheza na watoto wa Kikolombia, na kabla mtu hajatambua akawa anagombana nao kwa lugha yao. Alipomaliza sekondari akapata chuo kikuu kimoja Amerika, karibu na mpaka wa Meksiko. Wakamsaidia nusu ya karo, nusu ikawa ya Athanas. Akaenda kusoma vitu viwili kwa pamoja: uandishi wa habari wa lugha mbili, na Kihispania chenyewe.

"Digrii mbili," Athanas aliwaambia watu ambao hawakuwa wameuliza. "Si kwamba anamaliza moja ndipo aanze nyingine. Zote kwa mpigo, kama kuzaa mapacha."

"Na hao mapacha watakula nini?" Onyango akamuuliza. Onyango alikuwa dereva chini yake, na ndiye pekee aliyethubutu. "Mzee, Nkubu nzima kuna Mhispania hata mmoja?"

"Wewe ni wa kushika usukani tu. Huko anakosoma, nusu ya mji wanaongea hicho. Gazeti linataka mtu wa kumuuliza mama wa sokoni kwa lugha ya sokoni, halafu amwandikie meya kwa lugha ya meya. Mtu mmoja, kazi ya watu wawili."

"Na mshahara wa watu wawili?"

"Onyango, nenda ukaoshe basi."

*

Gakii alirudi likizo mwaka wa 2013, Ramadhani ikiwa imeangukia Julai, joto la kuchemsha maji kwenye tangi la juu ya paa mpaka ukifungua bomba la baridi unaruka. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Alikuja na kazi ya chuo: amhoji mtu anayefanya kazi mbali na kwao, kwa lugha anayoiongea mtu huyo, kisha aandike habari yake mara mbili, kwa Kihispania na kwa Kiingereza. Akamchagua baba yake. Athanas akavaa shati la kanisani ili ahojiwe kwenye kochi la nyumbani kwake.

"Mbona shati?" Loice akacheka kutoka jikoni. "Si hakupigi picha?"

"Sauti nayo huvaa," Athanas akasema.

Nilikuwa ukutani, nakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Nikamsikia Gakii akimweleza sheria za kazi yao. Kwamba mtu akikuambia jambo kwa lugha moja nawe ukalipeleka kwa nyingine, huruhusiwi kuongeza sukari wala kupunguza chumvi. Maneno ni yake, wewe umepewa kubeba tu. Na kabla hujaandika, unamrudishia mwenyewe: umesema hivi, ndivyo?

"Kama mizigo ya abiria," Athanas akasema. "Huifungui njiani."

"Ndivyo, Baba."

"Basi uliza, Mama."

Alimwita Mama kwa sababu Gakii lilikuwa jina la mama yake mzazi, maana Wameru binti wa kwanza humpa jina la nyanya yake mzaa baba. Na huyo nyanya alikuwa hai kule Nkubu, macho yameisha, akimtambua mtu kwa kumpapasa mikono.

Gakii akauliza alivyokuja, alivyolala kambini miaka ya kwanza, alivyojifunza kuendesha kwenye vumbi lisiloonyesha barabara. Athanas akajibu yote kwa kirefu, na chumvi akaitia yeye mwenyewe, maana sheria ile ilikuwa ya mbebaji, si ya mwenye maneno. Mwishoni binti akamuuliza, "Kitu gani unachokiogopa?"

Nikaacha kukunja.

"Kurudi chini," akasema.

"Chini wapi?"

"Chini ya ndege. Kampuni ikifiwa na mtu, mimi ndiye hutumwa kusindikiza sanduku mpaka ghala la mizigo pale uwanja wa ndege. Nimesindikiza Wanepali, nimesindikiza Waganda, nimemsindikiza yule Dedan wetu. Wanakuweka kwenye mizani, Mama. Mtu mwingine anaandika kilo. Mimi nataka kurudi juu, kwenye kiti, nimefunga mkanda, naletewa juisi. Siku nikiambiwa mwili huu hauponi, siku hiyo hiyo naomba khuruji, napanda, naenda kushikwa mikono na mama yangu. Andika hivyo."

Kwa asiyeijua Qatar ya miaka ile: tiketi peke yake haikukutoa nchini. Ulihitaji khuruji, yaani ruhusa ya kutoka, na ruhusa hiyo alikuwa nayo kafili, mwajiri aliyekuleta. Bila saini yake, tiketi yako ilikuwa ya kujipepea nayo.

"Umesema unaogopa kurudi chini," Gakii akamrudishia, sauti ikiwa imepungua. "Umesema ukijua huponi, utaondoka siku hiyo hiyo. Ndivyo?"

"Ndivyo. Sasa tule."

*

Tumbo lilikuwa linamsumbua tangu mvua za huko kwetu. Yeye alisema ni vidonda, akanywa maziwa. Akakonda, akatoboa mshipi tundu jipya, kisha jingine, huku tumbo lenyewe limekaza. Kliniki ya kampuni ikampeleka hospitali moja ya upande wa magharibi, mpya, ambayo madaktari wake walikuwa wametoka Kuba. Wakampima, wakampiga picha, wakamwambia arudi wiki ya mwisho ya Ramadhani kuchukua majibu.

Aliposikia ni Wakuba, alisahau ugonjwa.

"Loice! Wakuba huongea nini?"

"Si Kihispania? Kwa nini?"

"Nauliza tu," akasema, akicheka peke yake kama mtu aliyepata ng'ombe njiani.

Siku ya majibu Loice alikuwa kazini, akanyimwa ruhusa. Onyango ndiye aliyewapeleka kwa pikapu ya kampuni. Njiani ulifika wakati wa dawa, na mchana wa Ramadhani hunywi maji mahali ambapo watu waliofunga watakuona, hata kama wewe ni Mmethodisti mwenye tumbo bovu. Kwa hiyo Athanas, mtu mzima na heshima zake, akajikunja chini ya dashibodi akameza vidonge kama mtoto anayeiba sukari. Gakii akatazama ngamia nje, asije akakutana macho na baba yake.

Pale mapokezi nesi akawaambia mkalimani yupo, yuko na mgonjwa mwingine, wasubiri kidogo.

"Wa nini?" Athanas akasema. "Mimi nimekuja na wangu. Nimemlipia mwenyewe."

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani kichwani, jina lake Yanelis. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokota: kaa, vua shati, wapi inauma. Athanas akamwonyesha binti yake kwa mkono wote, kama anayezindua jengo, akasema kwa Kiingereza, "Huyu ni mkalimani wangu." Hakusema binti. Alitaka kwanza aone kazi yake, ndipo aseme ni damu yake.

Gakii akasalimia. Daktari Yanelis akaegemea nyuma kama mtu aliyevuliwa viatu vya kubana, akaanza kuongea. Aliongea bila kuficha, maana alijua anaongea na mtu wa kazi.

"Saratani ilianzia kwenye kongosho," akasema kwa Kihispania. "Imehamia kwenye ini, imeenea. Hakuna cha kukata. Tunachoweza ni kupunguza maumivu."

Athanas akamgusa Onyango kwa kiwiko. "Umeona? Anamsikia bila shida."

Gakii akafanya alivyofundishwa. Akamrudishia. "Umesema haponi. Ndivyo?"

"Ndivyo. Mwambie pole pole. Na umwambie kama ana kwao, aende sasa, wiki hii, kabla ya Idi. Bado anaweza kukaa kwenye kiti. Maji yameshaanza kujaa tumboni. Yakipanda kifuani, hakuna shirika la ndege litakalompokea akiwa hai."

"Kabla ya Idi," Gakii akarudia.

"Wee, wee, wee," Athanas akanong'ona. "Umesikia anavyomwaga? Wala hakwami!"

"Ni bomba limepasuka, mzee," Onyango akasema, naye amevutiwa kwelikweli.

Gakii akamgeukia baba yake. Maneno yalikuwa yako tayari mdomoni, yote, kwa mpangilio wake, mwaka wa tatu wa chuo haukuwa wa bure. Akaona uso. Mtu yule alikuwa ameng'aa. Alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, mikono magotini, kama mzazi siku ya zawadi shuleni anayesubiri jina la mtoto wake lisomwe.

"Baba," akasema.

"Ngoja kwanza. Onyango, toa simu, chukua video. Arudie kidogo, mama yake aone."

"Imekufa chaji, mzee."

"Simu yako hufa siku za maana tu. Haya, Mama. Anasemaje?"

"Anasema ini limevimba," Gakii akasema. "Dawa zitalituliza. Baada ya Idi urudi akuone tena."

"Hayo tu? Mbona ameongea maneno mengi hivyo?"

"Kihispania kina maneno mengi, Baba."

Athanas akacheka mpaka akashika tumbo. Akasimama, akampa daktari mkono wa kulia na kuushikilia kwa wa kushoto, kwa heshima. Daktari akamtazama mtu huyu aliyepokea habari kama hiyo akicheka, akafikiri pengine ndivyo Waafrika walivyo, akaushika mkono ule kwa muda mrefu.

Gakii alikusudia kumwambia baba yake kwenye gari. Onyango alikuwepo. Akakusudia nyumbani, akiwa na mama yake. Loice akafika na kuku. Na nitalisema hili kwa sababu aliniambia mwenyewe: kwamba pale ndani, kati ya neno la daktari na neno lake, karo ya mwaka wa mwisho ilipita kichwani. Kampuni haimlipi aliyekwenda kufia kwao. Ilipita tu, haikukaa. Lakini aliiona ikipita, na tangu hapo hakuweza kujua amedanganya kwa ajili ya nani.

*

Kabla ya majibu, Athanas alikuwa ameshaomba khuruji kwa tahadhari. Aliiombea kwa mandubu, yule mtu wa kampuni anayezunguka na makaratasi kwenye ofisi za serikali, Msudani aitwaye Idris, ambaye alimkalisha kwenye kiti cha mlangoni tangu asubuhi, madereva wake mwenyewe wakipita wanamwona. Ombi lilikuwa limeshafika mezani kwa kafili. Sasa akampigia kuliondoa. Alipenda kuweka spika ya nje, ili na sisi wa upande wa pili tusipitwe.

"Baba," nikamsikia Gakii, "si uende tu? Uwe umepumzika. Umsalimie nyanya."

"Nimalize likizo yangu ya mwaka kwa sababu ya ini lililovimba? Desemba nitakosa. Na wewe unarudi chuo mwezi ujao, nani atafanya ovataimu? Wewe andika habari yako."

"Habari itasubiri. Nyanya ni mzee."

"Nyanya alikuwa mzee hata mimi nikiwa mdogo."

Simu ikaitikiwa. "Na'am, Kenya."

"Ustadh Idris, ile khuruji, sihitaji tena. Daktari amesema niko sawa."

"Juzi unalia khuruji, leo hutaki. Mimi nafanya kazi au nacheza na wewe?"

"Samahani, Ustadh."

"Mudir, mwenye saini, anasafiri London kesho kutwa. Akiondoka, hakuna saini mpaka arudi, na harudi karibuni. Sikiliza vizuri. Nikichana, nimechana."

"Baba, usi..." Gakii akasema.

"Nini?"

Nikasogea ukutani. Hata wajukuu walikuwa wamelala, na hawalalagi.

"Basi," Gakii akasema.

"Chana tu, Ustadh," Athanas akasema. "Mwenyezi Mungu akubariki."

*

Ijumaa tukaenda kanisani. Doha, Jumapili ni siku ya kazi, kwa hiyo Ijumaa ndiyo Jumapili yetu, na makanisa yote yako mahali pamoja kule nje ya mji, Wahindi wanaimba huku, Wafilipino kule, sisi katikati tunajaribu kuwashinda wote kwa sauti. Mimi ni Mkatoliki, lakini siku ile niliingia kwa Waprotestanti kwa sababu Loice aliniomba. Alikuwa na ushuhuda.

Akasimama mbele na gauni la kijani alilokuwa akilihifadhi kwa ajili ya mahafali ya Gakii.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mume wangu alikuwa na tumbo, mnajua wote. Nilikuwa nimeanza kuwaza mawazo mabaya. Lakini Bwana ni nani?"

"Mwema!"

"Daktari amesema ni uvimbe tu, unatulizwa kwa dawa. Na tazameni njia za Mungu. Mnakumbuka mlivyonicheka? Mliniuliza mtoto anasomea Kihispania cha nini. Jebet, uliniuliza, si ndiyo? Uko pale. Kumbe Mungu alikuwa anamwandalia baba yake mkalimani! Gakii, simama watu wakuone."

Makofi yakalipuka. Gakii akasimama. Athanas, kwenye kiti cha mwisho karibu na feni, akapiga makofi juu ya kichwa, jasho likimtiririka, uso umeanza kuwa na rangi ya manjano ambayo sisi tuliita nafuu.

"Binti," mchungaji akasema, "tusifie Bwana kidogo kwa hicho Kihispania."

"Aa, mchungaji..."

"Kidogo tu!" kanisa zima likasema.

Gakii akasema. Hakusema kidogo. Alisema sentensi moja, mbili, tatu, mikono imeshikamana mbele, machozi yakimtoka, na yule mwenye kinanda akambembeleza kwa chini chini. Watu wakafumba macho. Alipomaliza tukasema amina ya kutikisa mabati. Na mimi nilisema, kwa nguvu, nikijifanya nimeelewa, maana nilisikia moja ya maneno yangu manne.

Miezi mingi baadaye nilimuuliza alisema nini siku ile. Akaniambia: "Nilisema, baba yangu anakufa. Anaweza kwenda nyumbani leo au kesho tu, na mimi ndiye pekee ninayejua. Nisaidieni, nimeshindwa kumwambia. Asante."

Asante ndiyo niliyoisikia.

*

Idi ikaingia. Ofisi zikafungwa, mudir akaenda London kwake, mitaa ikajaa watoto wa nguo mpya. Siku ya kwanza Athanas hakuweza kuinama kufunga viatu. Siku ya pili Loice alimbonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, na shimo likabaki pale pale, kama mtu aliyebonyeza unga uliokandwa.

"Hizi dawa hazitulizi kitu," Loice akasema.

"Zinachukua muda," Gakii akasema.

"Muda gani? Daktari alisema muda gani?"

"Hakusema."

"Hukumuuliza? Wewe si kazi yako ni kuuliza?"

"Loice, mwache mtoto," Athanas akasema, lakini kati ya Loice na mwache kulikuwa na pumzi, na kati ya mwache na mtoto nyingine. Nililala nimekaa, sikio ukutani, nikimsaidia kuvuta.

Walimrudisha hospitali Idi ikiwa haijaisha vizuri. Onyango aliendesha bila kusema utani hata mmoja, na hilo ndilo lililomtisha Athanas kuliko tumbo. Wakamshusha kwa kiti cha magurudumu. Shati lilikuwa lile la kanisani, limeachwa wazi kwa sababu vifungo havikukutana. Mapokezi, nesi yule yule akasema mkalimani yupo leo, hana mtu, aje?

"Hapana," Gakii akasema haraka. "Nipo mimi."

Loice akamtazama binti yake.

Daktari Yanelis akaingia, akamwona aliyekaa kwenye kiti, akasimama. Akaivuta miwani kutoka kichwani mpaka machoni.

"Kwa nini yuko hapa?" akamuuliza Gakii kwa Kihispania. "Kwa nini hakwenda?"

"Ruhusa ya kutoka haikupatikana," Gakii akamjibu, kwa Kihispania.

"Anasemaje?" Loice akauliza.

"Anauliza kama anakula vizuri."

"Mwambie hali! Mwambie tangu juzi ni uji tu, na uji wenyewe anautema."

Gakii akamgeukia daktari, akasema kitu, sijui nini, hata yeye hakukumbuka. Daktari akapiga goti mbele ya kiti, akaweka kifaa chake kifuani, akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni. Alipoinuka alimshika Athanas bega na hakuondoa mkono.

Athanas akamtazama daktari. Akamtazama tena. Kisha, kwa taabu, akainua mikono yake yote miwili kutoka kwenye magurudumu, akaitandaza kando kama mabawa, akainamisha mmoja, akainamisha mwingine, kama vile watoto wanavyoigiza ndege.

"Kenya?" akasema.

Onyango akageukia ukutani.

Daktari Yanelis akatikisa kichwa. Akamnyooshea Gakii kidole, si kwa hasira, kwa kutoelewa tu, akatafuta maneno yake mwenyewe, moja moja, akiyatoa kama mtu anayetafuta chenji kwenye mkoba.

"Kabla Idi, ndiyo," akamwambia Athanas. "Mimi sema yeye. Yeye jua. Kabla Idi, ndege ndiyo. Sasa, hapana. Pole. Pole sana."

Feni ya chumba ilikuwa inazunguka. Mikono ya Athanas ilikuwa bado hewani. Akaishusha mmoja baada ya mwingine, akaiweka mapajani, akamgeukia binti yake. Hakukunja uso.

"Anasema nini, Mama?"

Gakii akafungua mdomo. Mama yake alikuwa anamtazama, na daktari alikuwa anamtazama.

"Anasema... utasafiri, Baba. Ukipata nguvu kidogo. Labda mwezi ujao."

Athanas akamsubiri, kama huenda ana la kuongeza. Akanyoosha mkono akamshika vidole, akavipapasa kimoja kimoja.

"Mama," akasema, "hicho kilikuwa Kiingereza."